Chaneli za HD zilizogoma: kisa cha dishi lililohama kutoka Bombo hadi Arua

Chaneli za kawaida zinaonekana vizuri, za HD zinakwama au zinatoa kioo cheusi. Malalamiko haya nayapokea mara kwa mara hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na karibu kila anayeyaleta ameshaambiwa na mtu kwamba dekoda yake imechoka. Kisa ninachokieleza ni cha familia moja ya upande wa Oli iliyohama kutoka Bombo, katikati ya nchi, na kuja na dishi lake. Nimekichagua kwa sababu kosa lililowatia hasara ni dogo, linarekebishwa kwa mkono bila kununua chochote, na linajirudia kila dishi linapotolewa katikati ya nchi likapelekwa kaskazini au mashariki.

Hali ilivyokuwa

Mwenye nyumba ni mzee mstaafu, haji, mtu wa maneno machache na mpenzi mkubwa wa mpira. Dishi lake la sentimita 90 lilipakiwa kwenye lori pamoja na vitanda, likavuka Nile pale Pakwach, likafungwa kwenye bomba la chuma pembeni ya nyumba mpya. Fundi aliyelifunga alilielekeza upya, akapata picha, akalipwa, akaenda zake. Hakuna aliyeona kasoro wakati huo. Watoto walitazama katuni, mama mwenye nyumba akafuatilia tamthilia zake, na vyote hivyo vilikuwa kwenye chaneli za kawaida.

Agosti 2025 ikaingia, CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ikaanza. Uganda, Kenya na Tanzania zilikuwa wenyeji kwa pamoja, na Cranes, timu ya taifa ya Uganda, walikuwa wakicheza kwenye uwanja wa Namboole. Mzee akalipia kifurushi chenye HD ili atazame na ndugu na majirani sebuleni kwake. Mpira ulipoanza, picha ikawa inagawanyika vipande vya mraba, sauti inakatika, halafu yanatokea maandishi kwamba hakuna mawimbi. Akirudi chaneli ya kawaida, picha ipo. Akienda HD, imekwama tena.

Alimpigia fundi wa kwanza. Jibu lilikuwa dekoda, basi akanunua nyingine. Tatizo likabaki palepale. Akaambiwa sasa ni LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi. Akanunua LNB mpya, ikachomekwa kwenye kishikio kilekile kwa mkao uleule wa ile ya zamani, na hali haikubadilika. Hatua ya tatu iliyopendekezwa ilikuwa kukata mwembe uliokuwa upande ule dishi linakotazama. Panga lilikuwa limeshatafutwa jirani mmoja aliponipigia simu.

"Mwanangu," mzee aliniambia nilipofika, "mimi sinunui kitu kingine tena. Niambie ukweli tu. Hiyo HD inafika Arua au haifiki?"

"Inafika, Haji. Tutafute inapokwamia."

Njia ya picha hadi sebuleni

Huwezi kujua picha imekwama wapi kama hujui inapita wapi, kwa hiyo nieleze kwa kifupi.

Picha ikitoka studio hubanwa kwanza, kisha dishi kubwa la kituo cha kurushia huipeleka juu kwa setilaiti. Setilaiti za matangazo zimekaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari. Katika kimo hicho zinaizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia inajizungusha, ndiyo maana kwetu zinaonekana zimesimama mahali pamoja na dishi halihitaji kuzifuata. Setilaiti ya kisa hiki iko nyuzi 36 Mashariki, kwenye kituo cha setilaiti za kampuni ya Eutelsat. Mojawapo, Eutelsat 36D, ilirushwa Machi 2024 kuchukua nafasi ya 36B iliyopelekwa mwaka 2009. Setilaiti hupokea mawimbi, huyabadilisha masafa, huyaongeza nguvu na kuyarudisha chini kwenye masafa ya gigahezi 10.7 hadi 12.75. Kila kipaza nguvu cha huko juu kwa kawaida hutoa wati 100 hadi 150 tu, na wati hizo zinamwagwa juu ya nchi nyingi kwa pamoja. Kinachofika kwenye paa la mtu mmoja wa Arua ni kidogo mno. Dishi lipo kukusanya kidogo hicho na kukirundika mahali pamoja, mbele ya LNB.

Mawimbi ya masafa ya juu namna hiyo hayawezi kusafiri kwenye waya mrefu bila kupotea, kwa hiyo LNB huyashusha hadi kati ya megahezi 950 na 2,150 kabla ya kuyaingiza kwenye waya. Dekoda nayo huiamuru LNB kupitia waya huohuo. Ikipeleka volti 13, LNB inachukua mawimbi yaliyotumwa yakiwa yamesimama wima. Ikipeleka volti 18, inachukua yaliyotumwa yakiwa yamelala. Mlio wa kilohezi 22 unaongezwa kuchagua nusu ya juu ya masafa. Hilo la wima na mlalo msomaji alishike, maana kisa kizima kimejificha humo.

Warushaji hutumia mikao hiyo miwili ili masafa yaleyale yabebe mizigo miwili. Kwenye masafa fulani unaweza kukuta kundi moja la chaneli limetumwa wima na kundi jingine limetumwa mlalo, na LNB iliyokaa sawasawa inalichukua moja na kulikataa la pili.

Kwa nini HD huanguka kwanza

Fremu ya picha ya kawaida ina nukta 720 kwa 576, yaani 414,720. Fremu ya HD kamili ina 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600, mara 5 barabara. Kabla ya kubanwa, picha hiyo kwenye waya wa studio ni karibu megabiti 1,500 kwa sekunde. Ubanaji wa H.264 huishusha hadi megabiti chache, mara nyingi kati ya 5 na 8. Hata baada ya kubanwa hivyo, bado ni mzigo mkubwa kuliko chaneli ya kawaida, na nafasi kwenye setilaiti ni ghali, kwa hiyo mrushaji anatafuta namna ya kupakia data nyingi zaidi kwenye masafa yaleyale.

Anachofanya ni hiki. Wimbi hubeba data kwa kubadilishwa awamu yake. Katika mpangilio wa awamu 4, ni kama mshale wa saa unaoruhusiwa kusimama kwenye 12, 3, 6 na 9 peke yake. Katika mpangilio wa awamu 8, ambao uko katika kiwango cha matangazo ya setilaiti kiitwacho DVB-S2 na hutumiwa sana kwa HD, nafasi nyingine nne zinaongezwa katikati ya zile. Kila mpigo sasa unabeba biti 3 badala ya 2. Faida ni kubwa, lakini nafasi zimekaribiana, na vurugu kidogo inatosha kuifanya dekoda ione nafasi ya jirani.

Kwa hesabu, mpangilio wa awamu 4 wenye ulinzi wa robo tatu, yaani robo tatu ya biti ni data na robo ni za kurekebisha makosa, unahitaji wimbi lizidi vurugu kwa desibeli 4 hivi, yaani mara 2.5. Wa awamu 8 wenye ulinzi huohuo unahitaji karibu desibeli 8, yaani zaidi ya mara 6. Nyumba yenye desibeli 7 itaona chaneli za mpangilio wa kwanza bila hata chenga, na za mpangilio wa pili haitaziona. Katikati hakuna. Matangazo ya dijitali hayana ule mchele wa TV za zamani uliokuonya kwamba mawimbi yanafifia. Picha inakuwa safi hadi ukingoni, kisha inaanguka.

Kwa sababu hiyo, mtu akikuambia HD inakataa wakati chaneli za kawaida zipo, fikiri kwanza juu ya ubora wa mawimbi yanayoingia. Na nilisema hili kwa mzee waziwazi: hakuna dishi la HD na dishi la kawaida. Bati ni bati. Anayeuza "dishi la HD" anauza jina.

Vipimo, na vilivyoondolewa kwenye orodha ya washukiwa

Nilianza kwenye menyu ya dekoda, ukurasa wa mawimbi. Kuna mistari miwili, wa nguvu na wa ubora, na watu wengi, mafundi wakiwamo, wanatazama ule wa nguvu peke yake. Kwenye chaneli ya kawaida nguvu ilisoma 90 na ubora 61. Kwenye chaneli ya HD nguvu ilisoma 88 na ubora 34, ukipanda na kushuka bila kutulia.

Mistari hiyo miwili haisemi kitu kimoja. Wa nguvu unajumlisha kila kinachoingia kwenye waya: wimbi unalolitaka, kelele za LNB yenyewe, na mawimbi ya jirani yasiyotakiwa. Wa ubora unaonyesha ni kiasi gani dekoda inaelewa inachopokea. Nguvu ikiwa juu na ubora ukiwa chini, maana yake kitu kinaingia kwa wingi lakini kimechafuka. Dishi lililolenga vibaya kabisa lingeshusha mistari yote miwili. Waya uliooza mara nyingi huanza kwa kushusha nguvu. Hapa nguvu ilikuwa tele.

Hata hivyo nilikagua waya. Vichwa vya skrubu vilikuwa vikavu, shaba ya katikati inang'aa, hakuna nyuzi za ngao zilizogusa shaba. Chaneli za wima na za mlalo zote zilikuwa zinapatikana, kwa hiyo volti 13 na 18 zilikuwa zinafika. Jua nalo nililiondoa: ni kweli kwamba karibu na tarehe 20 Machi na 23 Septemba jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti na kuzima picha kwa dakika chache, kwetu karibu na saa sita na nusu mchana, lakini huu ulikuwa Agosti na tatizo lilikuwa la usiku na mchana.

Mwembe ulihitaji maelezo zaidi, kwa sababu familia nzima ilikuwa imeuhukumu. Ukilitazama dishi lile kwa macho, ungeapa kwamba linautazama mti. Lakini dishi la nyumbani la siku hizi LNB yake haikai katikati. Inakaa chini, na uso wa dishi umeinama chini ya mstari halisi wa setilaiti kwa nyuzi 25 hivi. Setilaiti ya nyuzi 36 Mashariki, ukiwa Arua, iko kwenye mwinuko wa nyuzi 83. Hiyo ni karibu utosini. Nilimwita mjukuu wa mzee, nikamsimamisha mbele ya dishi, nikamwambia anyooshe mkono juu kabisa kisha aulaze kidogo tu upande wa kusini-mashariki. Setilaiti iko hapo. Tawi la mwembe lililokuwa karibu zaidi lilikuwa mbali na mstari huo. Panga likarudishwa kwa mwenyewe, na nilifurahi kwa dhati, maana mti ule ulikuwa ndio kivuli pekee cha ua.

Kikabaki kichwa cha dishi.

LNB iliyoendelea kuishi Bombo

Kishikio cha LNB kilikuwa hakijafunguliwa skrubu yake tangu Bombo. Alama ya wino wa fundi wa kule ilikuwa bado ipo kwenye plastiki, na LNB mpya ilikuwa imechomekwa kwa kuifuata alama hiyo. Fundi wa Arua alikuwa amebadilisha mwelekeo na mwinuko wa dishi, jambo la lazima kwani bila hivyo asingepata picha yoyote. Ila hakuizungusha LNB ndani ya kishikio.

Uganda ina jambo ambalo nchi za mbali na ikweta hazina. Setilaiti ya nyuzi 36 Mashariki iko juu yetu moja kwa moja, au pembeni kidogo sana. Kitu kikiwa karibu na utosi, hatua chache za ramani zinabadilisha sana upande unaokiona. Ukiwa Kampala, mwelekeo wa dira wa setilaiti hii ni nyuzi 95 hivi, karibu mashariki kamili. Ukiwa Kabale ni 78, kaskazini kidogo ya mashariki, kwa sababu umeshavuka ikweta. Ukiwa Arua ni 121, na Mbale, ingawa iko mwisho mwingine wa nchi, nayo ni 121. Ukifika Moroto unakuta 152, karibu uelekee kusini. Nchi moja, setilaiti moja, na madishi yanatazama pande zinazopishana kwa zaidi ya nyuzi 70.

LNB nayo inabadilika pamoja na dishi. Mawimbi ya wima na mlalo yamepangwa huko juu kwa kufuata mstari wa ikweta. Ukiligeuza dishi kwa nyuzi kadhaa kwenye bomba lake wakati linatazama karibu utosini, umeizungusha LNB kwa nyuzi zilezile ukilinganisha na mawimbi, na inabidi uirudishe kwa mkono. Mzungusho huo mafundi wengi wanauita skyu. Kwa setilaiti hii, kuhesabu kutoka wima wa dishi, Kampala unakuwa nyuzi 85 hivi, yaani LNB imelala karibu ubavu. Bombo ni 80. Arua ni 59. Moroto ni 28.

Kati ya Bombo na Arua, basi, kuna tofauti ya nyuzi 21, na LNB ya mzee ilikuwa imepinda kiasi hicho bila mtu kujua. Tazama kinachotokea. Kwa kupinda nyuzi 21, asilimia 13 ya wimbi unalolitaka inapotea. Hilo ni dogo, lisingemwangusha mtu. Ubaya ni upande wa pili: asilimia 13 ya wimbi la mkao mwingine, lile lililopaswa kukataliwa, inaingia. Kama yote mawili yanatumwa kwa nguvu sawa, wimbi lako sasa linalizidi lile la jirani kwa desibeli 8 tu, kabla hujaongeza kelele za kawaida za LNB na za angani. Ukiziongeza, unabaki na 7 au pungufu.

Rudi kwenye zile desibeli 4 na 8. Chaneli za kawaida zinapita. Za HD zinagonga mwamba. Mstari wa nguvu unabaki juu, kwa sababu wimbi la jirani nalo linahesabiwa humo. Kila dalili aliyoieleza mzee iko ndani ya hesabu hiyo moja. Ndiyo sababu dekoda mpya haikusaidia, na LNB mpya iliyofuata alama ya zamani haikusaidia.

Vitabu vya maelekezo vinavyokuja kwenye maboksi havilisisitizi jambo hili, na naelewa kwa nini. Kwa mtu wa Ulaya setilaiti iko chini upande wa kusini, na akihama kilomita 400 mzungusho wake hubadilika kwa nyuzi chache tu. Akiisahau LNB, mara nyingi hapati adhabu. Kwetu adhabu ni kubwa, na inampata hasa yule aliyelipia zaidi. Linanikera kuona watu wanauziwa dekoda juu ya dekoda kwa jambo linalohitaji bisibisi. Fundi anayefunga dishi Uganda bila kulegeza skrubu ya LNB hajamaliza kazi, hata kama picha imetokea.

Niongeze tahadhari moja: haya ni ya mawimbi ya wima na mlalo. Zipo setilaiti zinazotuma mawimbi yanayozunguka, na kwa hizo kuizungusha LNB hakubadilishi kitu.

Tulivyorekebisha

Nilipima mwelekeo kwanza. Dira ya simu haiaminiki ukiwa umesimama karibu na mabati au bomba la chuma, kwa hiyo nilitembea hatua kadhaa mbali na nyumba, nikachagua kitu kwa mbali kilichokuwa kwenye nyuzi 121, nikarudi kwenye dishi nikilitumia kama lengo. Mwelekeo ulikuwa mzuri. Mwinuko nao ulikuwa mzuri. Fundi wa kwanza alikuwa amefanya nusu hiyo ya kazi kwa uangalifu, na haki yake nampa.

Kisha mjukuu akakaa sebuleni, TV ikiwa kwenye ukurasa wa mawimbi wa chaneli ya HD, mlango wazi, akawa ananisomea ubora kwa sauti. Nililegeza skrubu ya kishikio, nikaizungusha LNB pole pole kutoka alama ya Bombo kuelekea 59. Dekoda huchukua sekunde moja mbili kabla ya kuonyesha badiliko, kwa hiyo unasogeza kidogo, unangoja, unasikiliza. Anayezungusha kwa haraka anapita mahali pazuri bila kujua.

"Thelathini na nne. Thelathini na nane. Arobaini na tano. Hamsini na mbili."

Mzee alisogea mlangoni.

"Sitini. Sitini na sita. Sabini na moja. Sabini na mbili. Sabini na mbili. Imeshuka, sabini."

Nikarudi nyuma kidogo hadi 72, nikakaza. Mkao wa mwisho ulitofautiana na 59 kwa nyuzi chache, jambo la kawaida, kwa sababu setilaiti yenyewe inaweza kuwa imeinama kidogo na bomba la nyumbani halisimami wima kamili. Nambari za hesabu ni za kuanzia. Mstari wa ubora ndio unaoamua. Baada ya hapo nilikagua chaneli moja ya HD ya wima na moja ya mlalo, kwa sababu unaweza kuinyoosha LNB ikapendelea upande mmoja kama ina kasoro. Zote zilitulia juu ya 70. Ile chaneli ya kawaida iliyokuwa 61 ikapanda hadi 85. Mstari wa nguvu haukusogea hata kidogo, ukabaki 88.

Picha ipo, lakini bado si HD

Tukaingia ndani. Mechi ikaonekana bila kukwama. Mzee akatabasamu, majirani wakapiga makofi, na mimi nikaona kwamba picha ile haikuwa na makali yake. Nyasi zilikuwa rangi moja ya kijani, na namba za migongoni zilisomeka kwa taabu.

Nyuma ya TV nilikuta waya wa vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe. Waya wa HDMI, ule unaobeba picha ya HD hadi kwenye TV, ulikuwa umebaki Bombo. Kichwa cha njano hakibebi HD. Hata dekoda ikipokea nukta milioni mbili, inalazimika kuzishusha hadi picha ya kawaida ili zipite pale. Familia ilikuwa inalipia HD, setilaiti inaileta, LNB sasa inaipokea, na inafia kwenye mita moja ya mwisho. Kijana alipelekwa mjini na boda kununua waya wa HDMI. Tulipouchomeka, tukaingia kwenye mipangilio ya dekoda na kukuta utoaji wa picha umewekwa kwenye mistari 576, pengine tangu siku ilipofunguliwa. Tukaupandisha hadi 1080. Sasa majani ya uwanjani yakawa majani.

TV yao ni ya inchi 43. Viti vilikuwa vimepangwa ukutani upande wa pili, mita 4 na zaidi. Kwa inchi 43, jicho zima linaacha kutofautisha mistari ya picha ya kawaida ukishapita mita 3 hivi, kwa hiyo aliyekaa mita 4 anaona faida ndogo sana ya HD hata kila kitu kikiwa sawa. Nilimwomba mama mwenye nyumba ruhusa ya kuvuta viti hadi mita 2 hivi. Alikubali, ingawa zulia lilibidi lihamishwe.

Kilichobaki

Mvua haijaondoka. Matone ya mvua kubwa hunyonya masafa haya, na Arua Agosti ina mvua za kweli. Siku chache baadaye mzee alinipigia kusema HD ilikatika dhoruba ilipokuwa imeshuka kabisa, kama dakika 10, kisha ikarudi yenyewe. Hiyo ni kawaida. Tofauti na zamani ni kwamba sasa ana akiba: ubora wa 72 unaweza kushuka sana kabla ya kufika ukingoni, wakati ule wa 34 ulikuwa ukingoni hata kwenye jua kali. Akitaka kupunguza hata hizo dakika 10, dawa ni dishi kubwa zaidi, na tumekubaliana kwamba kwa matumizi ya nyumbani haina haja.

Kwa anayefungiwa dishi wiki hii, ombi langu ni kwamba kabla ya kulipa umwambie fundi afungue ukurasa wa mawimbi kwenye chaneli ya HD, mbele yako, na akuonyeshe mstari wa ubora. Ukiwa chini ya ule wa nguvu kwa tofauti kubwa, mwambie alegeze LNB na aizungushe huku unasoma. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Dekoda ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, mzee ameipeleka kwa binti yake Koboko pamoja na LNB ya kwanza. Nimewaandikia nambari za huko: dira 124, mwinuko 83, mzungusho 56, na kwamba waanze hapo kisha wamalizie kwa mstari wa ubora.